Jiko Lililo Chini ya Mahindi

Kila mtu wa kwetu anajua mahindi. Tunayapanda mvua zinapoanza, tunayapalilia, tunayachoma yakiwa mabichi, kisha tunayasaga tupate unga wa bukari. Mtoto wa miaka sita anaweza kukuonyesha jani, bua na gunzi. Umwulize: "Na chini ya bua kuna nini?" Atajibu: "Mizizi." Umwulize tena: "Na kando ya mizizi?" Atajibu: "Udongo tu."

Neno hili "tu" ndilo linalonishikisha kalamu. Maana kando ya mizizi ya mahindi hapana udongo tu. Kuna jiko, na katika jiko hilo kuna wapishi wasiohesabika. Wanapika kitu ambacho mmea wenyewe hauwezi kukipika, wala wao hawawezi kukipika kama mmea haukuwapa cha kutia katika chungu.

Mimi ni mwalimu mzee. Nimefundisha miaka mingi katika kijiji kisicho mbali na Likasi, na sasa nimebaki na jembe langu na vitabu vyangu. Mikroskopi sina. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kusoma na kwa kuuliza, tena yamenishika moyoni kwa sababu ya ugonjwa ulioingia katika ukoo wetu. Ugonjwa huo nitausimulia. Lakini kwanza twende shambani.

Twaa udongo mzuri, gramu moja tu, kadiri unavyokaa katika ncha ya kijiko. Umeshika vidudu mamia ya milioni, na pengine hata milioni elfu. Ni vidogo mno, jicho halivioni. Wenye elimu wanaviita bakteria. Vingi vyao havina ubaya kwetu. Ndivyo vinavyoozesha majani makavu, magunzi na mizoga, na kurudisha udongoni chakula cha mimea. Bila wao na bila ukungu, majani yote yaliyoanguka tangu siku za nkambo zetu yangekuwa bado yamelala juu ya nchi, nasi tungekosa mahali pa kupiga jembe.

Sasa tutazame mmea wa mahindi. Ukiwa mchanga ni laini, tena ni mtamu. Kila mdudu anautamani. Mbuzi akiona hatari atakimbia, kuku ataruka, lakini mmea hauna miguu wala mabawa. Utajilindaje? Unajilinda kwa sumu. Ndani ya majani na mizizi yake unatengeneza sumu iitwayo DIMBOA. Lakini angalieni akili iliyomo. Sumu hiyo ingeweza kuudhuru mmea wenyewe, kwa hiyo mmea unaifunga pamoja na sukari na kuiweka kando, kama mtu anavyoweka kisu ndani ya ala. Mdudu akiuma jani, vyumba vya jani vinavunjika, kitu kingine kilichokuwa mbali kinakutana na sumu iliyofungwa, sukari inaondoka, na kisu kinatoka alani.

Mambo haya yalianza kujulikana katika nchi ya baridi. Mwaka wa 1955, huko Helsinki katika nchi ya Ufini, Artturi Virtanen, aliyekuwa amepewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1945, alifanya kazi pamoja na mwenzake Hietala. Walichunguza miche ya nafaka iliyo ndugu ya ngano, ambayo Wafaransa wanaiita seigle. Wakaona ndani yake kitu kinachozuia ukungu unaoharibu mimea. Mwaka wa 1959 Virtanen na mwenzake mwingine, Wahlroos, walieleza kitu cha ukoo huohuo katika ngano na katika mahindi. Basi chakula chetu cha kila siku kiliingia katika vitabu vya kemia kwa sababu ya silaha zake.

Lakini hadithi haiishi ndani ya jani. Mizizi ya mahindi nayo inatoa sumu hii na kuiacha itoke udongoni. Huko DIMBOA haikai sana. Kwa muda wa saa chache, au siku moja hivi, inavunjika yenyewe na kuwa kitu kingine, MBOA. Hiki kinavumilia zaidi. Vidudu vingi vya udongo vikikutana nacho vinadhoofika. Vingine vinakistahimili. Na viko vingine vinavyofanya jambo la ajabu zaidi: vinakila.

Mwaka wa 2024 watu wa elimu wa chuo kikuu cha Bern, katika nchi ya Uswisi, walitoa habari ya kazi yao. Walikuwa wametwaa bakteria kutoka mizizi ya mahindi, wakavikuza kimoja kimoja, wakavipa MBOA. Wakaona kwamba bakteria vya namna nyingi, tena vile vinavyopatikana kwa wingi katika mizizi hiyo, vinaigeuza MBOA kuwa kitu cha tatu, AMPO. Wakatafuta chombo cha kazi hiyo ndani ya bakteria, wakakipata, wakakiita BxdA. Kiisha wakajaribu kwa njia ya pili. Katika bakteria moja waliondoa maandishi ya urithi yanayofundisha kutengeneza chombo hicho. Bakteria hiyo haikuweza tena kutengeneza AMPO, wala haikuweza tena kula MBOA. Ni kama kumnyang'anya mpishi kisu chake: chakula kipo, moto upo, lakini kazi haiendi.

Na AMPO hii imeundwa namna gani? Chombo cha bakteria kinafungua pete moja ya MBOA. Kinachobaki ni kipande chepesi kutafuta mwenzake. Vipande viwili vinashikana, hewa inasaidia, na vinakuwa kitu kimoja kipya chenye pete tatu. Fundi wa mbao ataelewa upesi: mbao mbili zilizolala ovyo si kiti, lakini zikichongwa na kuunganishwa zinakuwa kitu ambacho ubao mmoja haukuwa nacho.

Kitu hiki kipya kinakaa udongoni muda mrefu kuliko wazazi wake. Na ukoo wake ni ukoo mkali. Ndugu yake wa karibu, aitwaye APO, anatoka kwa njia hiyohiyo katika sumu ya seigle. Mwaka wa 1960 Wajapani walimweleza kuwa dawa ya kupigana na bakteria, wakampa jina la questiomycin A. Wao walimpata katika kidudu cha udongo kiitwacho Streptomyces. Tazama jambo hili! Kitu kimoja kinafikiwa kwa njia mbili. Kwa njia moja kidudu kinakitengeneza chenyewe tangu mwanzo. Kwa njia nyingine mmea unaleta, kidudu kinamaliza. Wazee walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakujua habari za bakteria, lakini walisema kweli hata juu yao.

Je, jambo hili lina faida gani kwa mkulima? Sitaki kuahidi yasiyokuwapo. Nitataja jambo moja tu. Mwaka wa 2018, hukohuko Bern, walionyesha kwamba sumu hizi zinazotoka mizizini zinabadilisha kundi la vidudu vya udongo, na mahindi yanayopandwa baadaye mahali palepale yanaonja badiliko hilo. Katika majaribio yao mahindi ya pili yalikua kidogo kuliko kawaida, lakini yalijilinda zaidi mbele ya kiwavi. Na kiwavi waliyemtumia ni yule aliyeonekana Afrika mara ya kwanza mwaka wa 2016, akaingia na kwetu, akala mioyo ya mahindi mpaka wanawake wakalia shambani. Basi mahindi ya mwaka jana yanaacha urithi kwa mahindi ya mwaka huu. Urithi huo una faida na hasara pamoja, kama urithi wa watu.

Sasa nisimulie habari ya nyumbani.

Mtoto wa dada yangu ni kijana mwenye nguvu. Kazi yake ni kuchimba mawe ya shaba. Mwaka mmoja alianza kukohoa. Alikohoa mwezi wa kwanza, akasema ni vumbi la shimo. Alikohoa mwezi wa pili, akakonda, usiku shuka lake likaloa jasho. Dada yangu akanituma kwake, maana kwetu mjomba ana neno. Tukaenda dispensere. Wakapima makohozi yake, wakakuta kifua kikuu. Mwuguzi akampa dawa, akamwambia: "Miezi sita, papa. Kila siku. Usiruke hata siku moja."

Siku ya pili yake kijana akanijia na woga mkubwa. "Mjomba, mkojo wangu umekuwa mwekundu. Dawa hii inanikata tumbo ndani." Nikarudi naye kwa mwuguzi. Mwuguzi akacheka kwa upole, akasema: "Ni rangi ya dawa yenyewe, inapita tu. Rifampisini ndivyo ilivyo. Hata machozi yako yanaweza kushika rangi." Kijana akatulia. Nami nikatafuta habari za dawa hiyo kusudi niweze kumjibu akiuliza tena.

Nikakuta kwamba mama yake ni udongo. Mwaka wa 1957 watu wa nyumba ya dawa ya Lepetit, huko Milano katika nchi ya Italia, walipata udongo uliotoka msitu wa misonobari wa Saint-Raphaël, kusini ya Ufaransa. Ndani yake mlikuwa na kidudu kinachotoa vitu vinavyoua bakteria. Wakaviita rifamisini. Lakini vile kidudu kilivyovitoa, havikufaa kumezwa. Ilipasa kumchoma mgonjwa sindano. Wenye kemia wakavigeuza kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, mpaka wakapata rifampisini, inayomezwa. Mwisho wa miaka ya 1960 ikaanza kuwafikia wagonjwa. Unaona, msomaji? Ni kazi ya mikono miwili tena. Chini ya mahindi, mmea unaanza na kidudu kinamaliza. Katika kidonge hiki, kidudu kimeanza na mtu amemaliza.

Nikamweleza mpwa wangu hayo yote tukiwa tumeketi chini ya mwembe. Akasikiliza sana. Kisha akaniuliza swali ambalo nalisifu, maana ni swali la mtu anayefikiri: "Mjomba, kama dawa hizi zimetoka udongoni, na kama hata chini ya mahindi yetu wanapika dawa, kwa nini nisitwae udongo wa shamba letu nikaukoroga katika maji? Kila ninapokwenda dispensere ninapoteza siku ya kazi."

Nimesikia watu wengine wakiuliza hivyo hivyo, tena wengine hawaulizi, wanatenda. Kwa hiyo nataka kuandika hapa jibu nililompa.

Neno la kwanza ni kipimo. Vidudu vinapika kwa ajili ya vita vyao wenyewe, katika mahali padogo kuliko punje ya mchanga. Kinachotosha kumfukuza jirani wa kidudu hakitoshi kumponya mtu. Kiwandani wanakikuza kidudu kimoja, peke yake, katika mapipa makubwa, wanakamua, wanasafisha, wanapima. Mkono wa udongo hauna kipimo.

Neno la pili ni adui. Udongo una mpishi wa dawa, lakini una na mwuaji. Kidudu cha pepopunda kinakaa udongoni, kimejifunga ganda gumu, kinangoja miaka. Kikiingia katika kidonda, kinaamka na kutoa sumu inayokaza taya na mgongo. Katika vijiji vingi watu walikuwa na desturi ya kupaka udongo au majivu juu ya kitovu cha mtoto mchanga. Watoto wengi walikufa kwa desturi hiyo, nao wazazi wakadhani ni uchawi. Hapakuwa na uchawi, ni kidudu. Kwa hiyo mtu akisema kwamba dawa hutoka udongoni, amesema kweli. Akisema kwamba udongo ni dawa ya kupaka kidondani, amesema neno linaloua.

Neno la tatu ni ukali. Si kila kinachoua bakteria ni rafiki wa mtu. Mwaka wa 1940, huko Marekani, Waksman na Woodruff walipata kutoka kidudu cha udongo kitu kiitwacho aktinomisini. Katika mwili wake kina pete tatu zinazofanana na zile za AMPO. Kiliua bakteria vizuri sana, lakini kiliua na wanyama waliojaribiwa. Hakikuweza kuwa dawa ya vidonda wala ya homa. Baadaye ukali huohuo uliwafaa waganga katika kansa fulani, hata kansa ya figo ya watoto, kwa kipimo kidogo na kwa uangalifu mkubwa. Basi na AMPO hivyo hivyo. Hakuna kidonge cha AMPO katika farmasi. Akikuuzia mtu sokoni unga mwekundu na kukuambia ni dawa ya mizizi ya mahindi iliyogunduliwa Ulaya, mwambie arudi nao kwake.

Mpwa wangu akakubali. Lakini jaribu kubwa lilikuwa bado halijaja. Lilikuja mwezi wa tatu. Kikohozi kilikuwa kimekwisha, shavu limejaa, nguvu imerudi. Wenzake wakamwita shimoni. Akaniambia: "Mjomba, nimepona. Dawa zilizobaki tuwawekee wengine."

Hapo nikamrudisha tena chini ya mahindi. Nikamwambia: "Umesahau wale wapishi? Mmea ulitoa sumu kusudi uwafukuze vidudu. Vingi vilidhoofika. Lakini vilikuwapo vilivyoweza kuivumilia, hata kuila, na leo ndivyo vilivyojaa katika mizizi. Kule shambani tumefurahi kusikia habari hiyo. Kifuani mwako usiifurahie. Vidudu vya kifua kikuu havili rifampisini, lakini katika wingi wao huweza kutokea kimoja kilichobadilika kidogo, ambacho dawa haikishiki. Ukimeza dawa zote pamoja mpaka mwisho, hata hicho kinakufa kwa dawa nyingine. Ukiacha katikati, umewaua walio dhaifu na kumwachia shamba aliye mkali. Naye atazaa."

Sikusema hivyo kwa kumtisha bure. Siku za matibabu yake alijuana na kijana mwingine aliyekuwa akimeza dawa palepale dispensere. Yule aliacha mwezi wa tatu, akaenda kuchimba. Mwaka uliofuata alirudi amebebwa. Wakampima, wakakuta kifua kikuu kisichosikia tena rifampisini. Ikampasa kuanza dawa nyingine, za muda mrefu, zinazochosha mwili. Na kabla ya kurudi alikuwa amelala chumba kimoja na wadogo zake watatu.

Mpwa wangu alimaliza miezi yake sita. Makohozi yake yakapimwa, hayakuonekana kitu. Leo ana mke na mtoto, na mtoto huyo amechanjwa.

Ndugu wasomaji, wenye elimu wanaendelea kutafuta dawa mpya udongoni, kwa kuwa zile za zamani zinachoka kwa sababu ya kutumiwa vibaya. Kwa muda mrefu walikuwa wakitwaa kidudu kimoja na kukikuza peke yake, na kumwuliza: "Wewe unajua kupika nini?" Habari ya mahindi inawafundisha kuuliza na swali la pili: "Ukipewa kitu cha jirani yako, utakigeuza nini?" Pengine chungu kingi cha udongo hakijafunuliwa kwa sababu hiyo: mpishi aliitwa bila mwenye kuleta chakula. Na mimea ni mingi. Mahindi, ngano, mtama, miti ya msitu wetu, kila mmoja unadondosha vitu vyake mizizini, na kila mmoja una wapishi wake. Msitu ukikatwa na kuchomwa, hatupotezi kuni na nyama ya mwitu peke yake. Tunafunga na majiko ambayo hakuna aliyewahi kuonja kilichopikwa ndani yake.

Lakini kutafuta kunachukua miaka, na mgonjwa hangoji miaka. Mpaka dawa mpya zije, tunazo hizi zilizopo. Kwa hiyo, wewe mzazi, mtoto akijikata kwa jembe, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, usitie udongo wala majani yaliyotafunwa, umpeleke akaangaliwe kama amechanjwa pepopunda. Wewe uliyepewa dawa za kifua kikuu, uzimeze mpaka siku ya mwisho, hata ukijisikia kama simba. Usinunue sokoni vidonge viwili vitatu vya antibiotiki kwa kila homa, maana hivyo ndivyo tunavyowafundisha vidudu vita. Na wewe mwalimu mwenzangu, mvua zikianza, wapeleke watoto shambani, wang'oe mche mmoja wa mahindi pole pole, watazame udongo ulioshikamana na mizizi. Hawataona mpishi hata mmoja. Waambie wapo. Kisha wanawe mikono kabla ya kula.